Jina la Mideva Halipo Kwenye Skrini

Nyinyi mnaoanza kazi ya kompyuta, wekeni simu mfukoni kidogo niwaambie jambo. Mimi ndiye yule mama wa hapa mtaani Satellite mnayemwona akilisha kuku nyuma ya nyumba za kupangisha, na najua mnadhani nilizaliwa nikishika debe la chakula cha kuku. La. Nimetengeneza mashine za Linux mjini tangu wengine wenu hamjaota meno. Ofisini waliniita Cucu, yaani nyanya, kabla hata sijapata mjukuu, nami nikakubali, maana mtu akishakuita Cucu anaona haya kukufokea.

Sasa kuna swali moja linanichosha. Kila wiki kijana mmoja anasimama pale getini kwangu. "Cucu, sasa? Kuna mtu anaweka paswadi, ni ya ukweli, skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inamrudisha palepale pa kuingilia. Nimembadilishia paswadi na bado inamkataa." Jamani! Paswadi imewakosea nini? Ingekuwa paswadi si sahihi, mashine ingekwambia waziwazi kwamba umekosea. Lakini ikikukubali halafu ikakutema, shida iko mbele zaidi, ndani ya mlango. Ni kama mgeni aliyekaribishwa na soja wa geti halafu akafika mlangoni akakuta hakuna mtu wa kumfungulia.

Huyo wa kumfungulia ndiye shell. Kila mtu mwenye akaunti ameandikiwa mstari wake kwenye faili la watumiaji, na mwisho kabisa wa ule mstari, baada ya nukta mbili za mwisho, pameandikwa shell yake, yaani programu itakayompokea akishaingia na kusikiliza amri zake. Wengi wenu mnafikiri shell ni ile skrini nyeusi ya kuandikia maneno, kwa hiyo mtu anayebofya picha tu haimhusu. Inamhusu sana! Kwenye mashine nyingi, hata zile picha nzuri za eneo-kazi huanzishwa kupitia shell ya mwenyewe. Shell ikiwa mbovu, au haipo, picha nazo hazipo.

Haya yote nilifundishwa na Bwana Wafula, Mbukusu mmoja mrefu aliyekuwa mkuu wangu tulipokuwa na ofisi mjini, ghorofa ya juu ya duka la mikate. Wafula alikuwa anakula mkate mzima kwa chai na kuapa kwamba hajala. Alinipiga marufuku kuuliza mteja, "Kompyuta ina shida gani?" Alisema mteja hajui shida, anajua uchungu tu. Alinifundisha niulize, "Nani aliigusa mwisho, na aligusa nini?" Na mteja akijibu kwamba hakuna aliyegusa, Wafula alinifundisha nikae chini, niombe chai, ninyamaze. Kabla kikombe hakijaisha ukweli utakuwa umeshatoka.

Niliiona hiyo kule Spring Valley. Kulikuwa na mzee mmoja daktari, mstaafu, ana mbwa wakubwa kuliko watoto wangu. Programu yake ya kupanga picha za ndege ilikataa kufunguka akiibofya, lakini akiiita kwa kuandika jina lake kwenye terminali, ile skrini nyeusi ya amri, inafunguka bila neno. Alikuwa ameshamwita fundi mwingine akamwambia anunue mashine mpya. Alikuwa pia ameshamwita pasta, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo, ila pasta alikuwa ameipaka kibodi mafuta na herufi kadhaa zilikuwa zinanata.

"Daktari, nani aliigusa mwisho?"

"Hakuna."

Nikaomba chai. Mbwa wakaninusa. Chai haijafika nusu, mzee akakohoa. "Labda niliibadilisha ile shell. Mkwe wangu alinionyesha moja inaitwa zsh. Iko na rangi."

Iko na rangi! Mzee alikuwa amehama kutoka bash, shell ya kawaida, hadi zsh kwa sababu ya rangi, na mipangilio yake yote ya zamani, pamoja na ile inayoielekeza mashine programu iko wapi, ikabaki kwenye faili ambalo zsh haina habari nalo. Alinakili kidogo kwenye faili linalosomwa terminali ikifunguliwa, ndiyo maana huko mambo yalikuwa sawa. Lakini akiingia kwa mlango wa picha, faili hilo halisomwi. Nikahamisha ile mistari nikaiweka kwenye faili linalosomwa mtu anapoingia, nikamwambia atoke aingie upya, na ndege wake wote wakarudi. Alifurahi akanipa mayai, mimi mwenye kuku nyumbani. Kibodi nilimwachia pasta.

Lakini hayo ni ya kuchekesha tu. Nataka niwaambie ya Mideva, maana siku hiyo mstari mmoja kwenye faili karibu umnyang'anye mtoto mchanga unga wake.

Wakati huo Wafula alikuwa amestaafu na ofisi imehamia Kilimani, kwenye jengo la vioo lenye mkahawa chini ambako kikombe cha kahawa kinauzwa bei ya kuku mzima. Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani: mabomba ya maji, barabara, mipaka ya mashamba. Mchoraji wetu bora alikuwa Mideva, Mmaragoli mwembamba, mpole, mtu wa kwaya. Mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba msamaha. Bosi wetu aliitwa Njenga.

Njenga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Katika maisha yake yote hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo chungu kwa mdomo wake. Akitaka kumfuta mtu kazi, Ijumaa mchana anatuma ujumbe kwetu watu wa kompyuta: "Mzimeni fulani." Sisi tunamzima. Jumatatu fulani anafika, anakaa, anatazama majina kwenye skrini ya kuingilia, lake halipo. Hapo soja wa geti anampandishia katoni tupu ya kubebea vitu vyake. Hakuna kikao, hakuna asante, hakuna hata kwaheri. Kila mtu pale ofisini alijua: jina lako likikosekana kwenye skrini, umekwisha.

Na tulikuwa tunawazima kwa njia ya Wafula. Wafula hakuwahi kufuta akaunti ya mtu, alisema ukibomoa nyumba utalala wapi ukimhitaji mwenye nyumba. Alichofanya ni kuibadilisha shell ya yule mtu iwe nologin, programu ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kusema hapana. Faili za mtu zinabaki salama, paswadi yake inabaki, lakini hakuna wa kumpokea. Na ile skrini ya kuingilia, ikiona mtu ana shell ya namna hiyo, inamwondoa kwenye orodha ya majina, kwa sababu inadhani si binadamu bali ni akaunti ya huduma za mashine. Ni njia safi. Ubaya wake, kwa macho ya mtu wa kawaida, aliyefutwa kazi na aliyefungiwa kwa muda wanafanana.

Mideva akaenda likizo ya uzazi. Kukatoka amri kwamba walio likizoni wafungiwe akaunti kwa usalama, sawa, amri nzuri tu. Aliyemfungia ni Brayo, fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye ndevu na mke, mikono mepesi kuliko macho yake. Kumfungia hakusahau. Kumfungulia akasahau.

Asubuhi Mideva aliporudi mimi nilikuwa kwenye chumba cha seva na kikombe changu cha uji. Amemwacha mtoto kwa dada wa kazi kwa mara ya kwanza, macho yamevimba tayari kabla ya lolote. Ameketi, amewasha mashine wanayotumia na wenzake kwa zamu, majina yametokea, na lake halipo. Akazima, akawasha. Halipo. Akabofya pale pa mtu asiye kwenye orodha, akaandika jina lake mwenyewe na paswadi, skrini ikawa nyeusi, ikamrudisha. Akageuka kuwatazama wenzake. Wote, watu wazima na akili zao, wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Mimi nilisikia tu sauti. Nilidhani ni redio. Nikatoka.

Mideva alikuwa amesimama mlangoni kwa Njenga, na mlango uko wazi. "Ungeniambia!" alikuwa anasema. "Ungenipigia simu tu, useme Mideva usirudi! Nimemwacha mtoto nyumbani analia, nimekuja hapa kuambiwa na kompyuta?"

"Mideva, tulia kwanza," Njenga akasema.

"Sitatulia! Nimetulia tangu niajiriwe! Ile ramani ya maji nilichora mimi, ukaweka jina lako ukampelekea mteja. Ya barabara pia mimi. Wewe hata hujui kuifungua hiyo programu, Bosi. Unajuaga tu kushika mausi na kukohoa wageni wakiingia!"

Wueh! Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna mtu aliyewahi kulisema hata chooni. Nami nikakimbilia mashine yangu, kwa sababu nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua: Ijumaa iliyopita hatukuwa tumetumiwa ujumbe wowote wa kuzima mtu.

Niliingia kwenye mashine yake kupitia mtandao nikauliza mstari wake. Nologin. Nikamtazama Brayo. Brayo akawa rangi ya uji wangu.

Nikarudi pale mlangoni. "Mideva mwanangu, hujafutwa," nikasema. "Ni akaunti ya likizo. Ilisahaulika tu kufunguliwa."

Nimeishi nimeona mengi, lakini uso kama ule sijauona tena. Alijaribu kucheka, haikutoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa amemwaga pipa zima mbele ya watu. Sasa kazi alikuwa nayo kweli, na alikuwa ameshaitukana. Akaketi kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani. Bwana wake alikuwa hana kazi tangu mvua za masika. Mshahara wa Mideva ndio uliolipa nyumba na maziwa. Sote tulijua.

Njenga naye akapata nguvu. Mtu mwoga akigundua kwamba ana haki, anakuwa hatari. Akaivuta suruali juu, akasema, "Kwa hivyo sikukufuta. Sasa subiri." Nikarudi kwenye mashine yangu, naye akatoka, akatufuata sisi kwenye meza za mafundi.

Na Brayo, Mungu amsamehe, alikuwa anarekebisha kwa haraka. Alimbadilishia Mideva shell, lakini badala ya bash aliyokuwa nayo zamani, vidole vyake viliandika zsh kwa sababu ndiyo anayotumia yeye. Mashine ilimwonya kwamba programu hiyo haipo hapa. Hakusoma onyo. Ni nani kati yenu anasoma onyo? Na wiki za nyuma alikuwa amenakili orodha ya shell zilizoidhinishwa kutoka mashine yake hadi mashine zote, kwa hiyo skrini ya kuingilia ilitazama orodha, ikaona zsh inaruhusiwa, ikarudisha jina la Mideva. Ila programu yenyewe haikuwa imewekwa kwenye ile mashine. Orodha inasema mpishi yupo, jikoni hakuna mtu.

"Jina limerudi!" Brayo akapiga kelele kama aliyeshinda uchaguzi. Mideva akainuka, akaja, akaweka paswadi. Skrini nyeusi. Ikamrudisha palepale. Akaweka tena. Ikamrudisha.

"Mnanicheza?" akauliza, polepole. Hakuwa na hasira tena, na hiyo iliniuma zaidi.

Njenga akatabasamu. "Unaona? Hata kompyuta imekukataa." Kisha akanigeukia, akateremsha sauti. "Cucu, wacha tu ikae hivyo. Au sivyo, mrudishe vile alikuwa. Mzime."

Hapo ndipo nataka mfungue masikio. Mkono wangu ulikuwa kwenye kibodi. Kumzima mtu ni amri fupi kuliko jina langu la ubatizo. Nilikuwa nimeshaizoea, nimewazima watu wengi Ijumaa mchana huku nikitafuna njugu. Lakini wale walikuwa majina kwenye skrini. Huyu alikuwa amesimama mbele yangu na maziwa yamelowesha blauzi yake, maana saa ya mtoto kunyonya ilikuwa imefika.

"Bosi," nikasema, kwa sauti ya watu wote, "nitamzima. Sina shida. Lakini mwambie kwanza."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amefutwa. Huyu hapa. Mwambie kwa mdomo, mimi nibonyeze."

Njenga akamtazama Mideva. Mideva akamtazama Njenga, moja kwa moja, kidevu juu. Njenga akafungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Akatazama dari, nadhani alikuwa anatafuta msaada kutoka ghorofa ya juu. Wafanyakazi wote walikuwa wameinua macho kutoka kwenye viatu. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, kwa sababu angelisema, ningebonyeza. Niliahidi mbele ya watu.

Akafungua mdomo tena. "Mideva," akasema.

"Ndio, Bosi."

"Mtoto… mtoto anaitwaje?"

Haki ya nani, nilitaka kuanguka! "Anaitwa Kagai," Mideva akasema. "Ni msichana."

"Jina zuri," Njenga akasema. "Karibu tena kazini." Akarudi ofisini kwake akafunga mlango, na hatukumwona hadi jioni.

Ile mashine niliitengeneza kabla Njenga hajafika kwenye kiti chake. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, nikapata skrini ya maandishi isiyopitia picha, nikaingia kwa akaunti yangu, nikasoma mstari wa Mideva, nikaona ile zsh ya Brayo, nikahakikisha kwamba programu yenyewe haipo, nikamrudishia bash yake. Nikarudi kwenye skrini ya picha. Mideva akaweka paswadi ileile aliyokuwa nayo siku zote, na ramani zake zikafunguka. Halafu akaenda msalani akalia, akarudi akafanya kazi. Ramani iliyotoka wiki ile ilikuwa na jina lake pembeni, na Njenga hakulitoa.

Tangu siku hiyo, mimi na Brayo tulikataa kumzima mtu ambaye hajaambiwa. Tuliliweka hilo wazi: aliyemwajiri amwambie, sisi tutabonyeza. Na matokeo yake yasiwadanganye kwamba ni hadithi ya wema tu, maana Njenga hakuweza kumfuta mtu yeyote tena. Wavivu walijaa mle ndani mpaka viti vikaisha. Kulikuwa na mmoja aliyekuja kuchaji simu na kuondoka. Brayo mwenyewe yuko mpaka leo, na bado hasomi onyo.

Hata mimi, umri wangu wa kustaafu ulipofika, Njenga alinizungukazunguka. Mara ananiuliza habari za magoti, mara za kuku. Nikamhurumia. Nikamwambia, "Bosi, naenda nyumbani mwisho wa mwezi." Alifurahi hadi akanikumbatia, akaniita mama.

Siku ya mwisho nilikunywa uji wangu, nikaandika ile amri fupi, safari hii kwa jina langu. Nologin. Nikatazama skrini ya kuingilia: Brayo yupo, Mideva yupo, mimi sipo. Mideva alikuwa ndiye mkuu wa ramani sasa, na alikuja mbio na mkoba mkononi.

"Cucu! Jina lako halipo kwenye skrini!"

"Najua," nikamwambia. "Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe, kwa mdomo." Akanipokonya ile katoni ya vitu vyangu, akaibeba yeye hadi getini.